Hedhi Inapokoma: Je, Sindano za Kichina Zamfaa Mama?

Katika nyumba nyingi mambo ya mwili wa mwanamke husemwa mara tatu tu: binti anapovunja ungo, bibi arusi anapopewa mashauri, na mama anapojifungua. Baada ya hapo ni kimya. Siku hedhi inapokoma, hakuna shangazi wa kumwita pembeni mama wa miaka 50 na kumweleza yatakayompata. Yeye mwenyewe huona haya kuuliza. Mume wake haoni ila hasira na uchovu. Watoto hunong'onezana kwamba mama yao amebadilika. Na majirani, wasipojua sababu, hujitungia sababu yao.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukoma hedhi si maradhi, lakini taabu zinazofuatana nako zikifichwa huharibu usingizi, kisha kazi, kisha mapatano ya mume na mke. Ndiyo maana leo twataka kulisema jambo hili waziwazi, kwa heshima, mbele ya akina baba na akina mama pamoja.

Twataka pia kupima dawa moja inayosifiwa sana siku hizi kwa taabu hizo, yaani sindano za Kichina. Wako wanaozitukuza kana kwamba zaponya kila kitu. Wako wanaozicheka kana kwamba ni mchezo wa wajinga. Sisi twauliza maswali mawili tu. Je, zamfaa mama? Na kama zamfaa, ni kitu gani ndani yake kinachomfaa?

Mwili unafanya nini?

Tuanze na mwili wenyewe. Tumboni mwa mwanamke mna ovari mbili, ndizo zinazotunza mayai ya uzazi. Ovari hutoa pia homoni iitwayo estrojeni, inayosafiri katika damu na kupeleka habari kwa viungo vingi: tumbo la uzazi, mifupa, ngozi, hata ubongo. Mwanamke anapopita miaka 40, kazi ya ovari huanza kulegea. Hedhi huja mapema au huchelewa, hupungua au huzidi, na mwishowe hukoma. Madaktari husema kwamba hedhi imekoma kweli ikiwa miezi 12 imetimia bila kuona damu. Kwa wanawake walio wengi jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya miezi hiyo 12 kutimia, mama aweza bado kushika mimba. Wengi walidhani wamekwisha maliza uzazi, kumbe bado.

Lile joto la ghafula latoka wapi? Ndani ya ubongo mna mahali padogo panapolinda joto la mwili, kama mpishi anayeangalia moto usizidi wala usipungue. Estrojeni inapopungua, mlinzi huyo huwa mwepesi wa kushtuka. Joto la mwili likipanda kidogo tu, huamuru mishipa ya damu ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Basi mama aliyekaa akimenya ndizi huona moto ukimpanda kifuani, shingoni na usoni. Moyo humwenda mbio, nguo hulowa, na baada ya dakika chache baridi humshika. Mambo hayo yakimjia usiku, huamka mara tatu au nne, na asubuhi huenda kazini bila kupumzika. Je, ni ajabu akiwa mkali? Hata mwanamume mwenye nguvu, akikatishwa usingizi kila usiku kwa mwaka mzima, angekuwa mkali.

Hayo si laana, wala si uchawi. Si hila ya mke kumkimbia mume wake, wala si dalili ya kwamba akili zake zinapotea. Tena si mambo ya siku mbili. Mwaka 2015 wachunguzi wa Marekani waliofuata habari za wanawake kwa miaka mingi walitangaza matokeo yao. Kati ya wanawake waliopata joto hilo mara kwa mara, nusu yao walitaabika zaidi ya miaka 7. Na wanawake Wamarekani wenye asili ya Afrika ndio waliotaabika muda mrefu kupita wote: kwa nusu yao taabu ilidumu zaidi ya miaka 10. Basi anayemwambia mama «vumilia, itapita kesho» hajui asemalo.

Sindano hizo zilitoka wapi?

Wachina wana kitabu cha kale cha uganga kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 hivi. Kitabu hicho chagawa maisha ya mwanamke kwa miaka saba saba. Mtoto wa kike akifika miaka 7, meno yake hubadilika. Akifika 14, hedhi huanza. Na saba zikitimia mara saba, yaani miaka 49, hedhi hukoma na uzazi hufungwa. Tazameni jinsi hesabu hiyo ya kale ilivyo karibu na ile ya madaktari wa leo! Huko Ulaya, jina lenyewe la jambo hili kwa Kifaransa, ménopause, lilitungwa na daktari Mfaransa Charles de Gardanne, aliyelitumia katika kitabu chake cha mwaka 1821.

Waganga wa Kichina wa kale walifundisha kwamba ndani ya mwili hupita nguvu iitwayo qi, ikifuata njia zake kama maji katika mifereji. Nguvu hiyo ikizuiwa au ikipungua, mtu huugua. Juu ya njia hizo wamehesabu mahali 361 panapoweza kuchomwa sindano. Mchomaji huingiza sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani yake, na kuziacha kitambo cha nusu saa hivi huku mgonjwa amelala kimya. Kwa mwanamke mwenye joto la ghafula, mara nyingi husema kwamba yin ya figo imepungua, yaani ule upande wa ubaridi na unyevu, na kwa hiyo moto wa mwili umekosa wa kuutuliza. Huo ndio usemi wao wa kale. Lakini waliochunguza mwili kwa vyombo vya leo hawakuzipata njia hizo, si katika nyama, si katika mishipa ya damu, wala si katika mishipa ya fahamu.

Habari za sindano hizo zilifika Ulaya zamani. Mwaka 1683 daktari Mholanzi Willem ten Rhijne, aliyekuwa amekaa Nagasaki huko Japani, alitoa kitabu London kwa Kilatini na kuziandikia humo. Yeye aliunganisha maneno mawili ya Kilatini, acus, yaani sindano, na punctura, yaani kuchoma. Ndiko lilikotoka neno akupancha. Hata huko China kwenyewe sindano hazikupata heshima nyakati zote. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliamuru somo hilo liondolewe katika chuo cha waganga wa jumba lake. Baada ya mwaka 1949 serikali mpya iliziinua tena.

Mwaka 1971 James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alipasuliwa kidole-tumbo katika hospitali ya Peking. Baada ya kupasuliwa alichomwa sindano ili kutuliza maumivu ya tumbo, naye akaandika habari hiyo katika gazeti lake. Tangu hapo Wamarekani wengi walizitamani.

Afrika nayo ilizijua kwa njia ya waganga waliotumwa na serikali ya China. Kundi la kwanza lilifika Algeria mwaka 1963. Mwaka 1964 kundi lingine lilifika Zanzibar, na mwaka 1973 wengine walifika kwetu Kongo, wakati ule nchi ikiitwa Zaire. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliandika sindano za Kichina katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima kubwa. Lakini heshima ya urithi ni kitu kimoja, na ushuhuda wa kuponya ni kitu kingine. Ushuhuda huo hutafutwa kwa kupima.

Kupima si kusifu

Mtu aweza kusema: «Mama fulani alichomwa sindano, na joto lake likapungua. Mwataka ushuhuda gani tena?» Jibu letu ni hili. Joto hilo hupanda na kushuka lenyewe. Mama hutafuta dawa siku anapotaabika kupita kiasi. Baada ya siku hizo, mara nyingi hupata nafuu kidogo hata asipofanya lolote. Kwa hiyo haitoshi kuwauliza waliochomwa tu. Yafaa kuwalinganisha na wengine wasiochomwa, na kuwagawa kwa kura, ili wenye taabu kubwa wasikusanyike upande mmoja.

Ndivyo walivyofanya watu wa Norway, waliotangaza matokeo yao mwaka 2009. Walichukua wanawake 267 waliokwisha koma hedhi. Wote walipewa mashauri ya kujitunza. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walichomwa pia sindano mara 10 katika muda wa majuma 12. Mwishoni, waliochomwa walipungukiwa na joto mara karibu 6 kwa kila siku moja, usiku na mchana. Wale wengine mara karibu 4. Sindano zilikuwa zimeongeza nafuu. Lakini wachunguzi walipowaangalia tena baada ya miezi 6, na baada ya mwaka, hawakuona tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili.

Mwaka 2016 watu wa North Carolina, Marekani, walitangaza habari za wanawake 209. Waliochomwa waliweza kufika mara 20 katika miezi 6. Joto lao lilipungua sehemu 37 kwa mia. Wale waliongoja zamu yao hawakupungukiwa na kitu. Joto lao liliongezeka sehemu 6 kwa mia. Tena waliochomwa waliendelea kuona nafuu hata mwaka ulipotimia.

Msomaji atasema: «Basi neno limekwisha. Sindano zafaa.» Polepole. Mwanamke aliyechomwa hakupata sindano tu. Alipata mtu wa kumpokea, kumwuliza habari zake na kumlaza mahali pa utulivu. Na yule aliyengoja hakupata hata kimoja cha hivyo. Nitajuaje kwamba kilichomfaa ni sindano? Hapo pakahitajika jaribio jingine.

Jaribio hilo lilifanywa Australia, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2016. Wanawake walikuwa 327, kila mmoja akipata joto kali angalau mara 7 kwa siku. Walichaguliwa wale tu ambao, kwa hukumu ya uganga wa Kichina wenyewe, walikuwa na ule upungufu wa yin ya figo. Nusu yao walichomwa sindano za kweli. Nusu nyingine walitumiwa sindano za uongo: ncha yake ni butu, na inaposukumwa hurudi ndani ya mpini wake, kama kisu cha mchezo wa kuigiza. Mwanamke huihisi ikimgusa, lakini haiingii mwilini. Wote walihudumiwa mara 10 katika majuma 8, kwa kitanda kilekile na kwa upole uleule.

Yakawaje? Makundi yote mawili yalipata nafuu. Joto lilipungua sehemu 40 kwa mia kwa waliochomwa kweli, na sehemu 40 kwa mia kwa wasiochomwa. Baada ya miezi 6 waliangaliwa tena, na nafuu ilikuwapo bado, sawasawa pande zote mbili.

Hata kabla ya hapo, mwaka 2013, daktari Sylvie Dodin wa Québec, huko Kanada, pamoja na wenzake, walikuwa wamekusanya majaribio 16 ya wanawake 1,155. Nao walikuta vivyo hivyo: sindano zashinda kukaa bure, lakini hazizidi kwa wazi sindano za uongo, tena dawa za homoni zazishinda. Na mwaka 2023 chama cha Amerika ya Kaskazini cha wataalamu wa mambo hayo kilipotoa mashauri kwa madaktari juu ya dawa zisizo za homoni, hakikuzitia sindano katika orodha ya zinazofaa kushauriwa.

Basi nafuu ilitoka wapi?

Hapa ndipo wengi hukosa njia. Wengine wakisikia habari ya Australia husema: «Kumbe wanawake hao walidanganyika, taabu zao ni mawazo tu.» Sivyo. Jasho lililolowesha shuka halikuwa mawazo. Na nafuu yao haikuwa mawazo tu: walihesabu joto lao siku kwa siku na kuliandika, nalo lilipungua. Lililoanguka si neno la wanawake, bali ni dai la kwamba lazima sindano ichome mahali fulani pa mwili ndipo nafuu ije.

Jaribio jingine latufundisha zaidi, ingawa lilihusu ugonjwa mwingine. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk wa chuo kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake, walitangaza habari za wagonjwa 262 wenye maumivu ya tumbo ya siku nyingi. Kundi la kwanza liliandikwa tu na kungojeshwa: sehemu 28 kwa mia walisema wamepata nafuu ya kutosha. Kundi la pili lilitumiwa sindano za uongo na mtu mwenye haraka, asiyezungumza nao sana: walikuwa 44 kwa mia. Kundi la tatu lilitumiwa sindano zile zile za uongo, lakini mara ya kwanza mhudumu alikaa nao dakika 45, akawauliza habari za maisha yao, akawasikiliza na kuwatia moyo: walifika 62 kwa mia.

Fikirini maana yake. Sindano ilikuwa moja, nayo haikuchoma mtu. Kilichozidi kilikuwa muda, masikio na wema. Hatusemi kwamba wema wakoma malaria au kansa. Lakini katika taabu zinazohusu usingizi, maumivu na joto la mwili, namna mtu anavyohudumiwa ni sehemu ya dawa.

Sasa mtazameni mama wa nyumba. Tangu alfajiri huchota maji, huwasha moto, huenda shambani au sokoni, hupika, huwatunza wajukuu. Ni nani aliyemwuliza mwaka huu: «Mama, walalaje usiku?» Ni lini alipolala nusu saa mchana bila mtu kumwita? Mama wa Australia alivipata vitu hivyo mara 10 katika majuma 8. Hatuna budi kujiuliza kwa nini mwanamke alipe fedha kwa mgeni ili apate kitu ambacho watu wa nyumba yake wangeweza kumpa bure.

Mashauri kwa mama na kwa watu wa nyumba

Kwanza, msikimbilie kusema kwamba kila jasho la usiku ni la kukoma hedhi. Katika nchi zetu, jasho la usiku pamoja na kikohozi cha majuma na kukonda laweza kuwa kifua kikuu. Jasho na homa vyaweza kuwa malaria. Mama na apimwe kwanza. Na damu ikionekana tena baada ya miezi 12 ya kukoma, asiseme «ujana umerudi». Aende hospitali upesi, kwa maana damu hiyo yaweza kuwa dalili ya kansa ya tumbo la uzazi au ya mlango wake, na kansa ikijulikana mapema yaweza kutibiwa. Vilevile mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kabla ya miaka 40 amwone daktari.

Pili, ijulikane kwamba dawa yenye nguvu zaidi kwa joto hilo ni homoni zenyewe, ambazo hupunguza mara zake sehemu 75 kwa mia hivi. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani la wanawake 16,608 lilisimamishwa, kwa sababu waliopewa homoni walizidi kupatwa na kansa ya matiti, kuganda kwa damu na kiharusi. Wengi waliogopa, wakaziacha. Baadaye hesabu zilipochunguzwa tena, ilionekana kwamba umri wabadili jambo: kwa walio wengi wenye taabu, wasiofika miaka 60 au ambao hedhi yao imekoma chini ya miaka 10 iliyopita, faida yashinda hatari. Lakini si dawa ya kununua sokoni. Mwenye kansa ya matiti, mwenye ugonjwa wa ini au aliyepata kuganda kwa damu hapewi kwa kawaida. Daktari ndiye atakayeamua.

Tatu, mama asiyeweza kutumia homoni, naye apenda kujaribu sindano, asichekwe. Italia ilijaribu jambo hilo kwa wanawake 190 waliougua kansa ya matiti, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: waliochomwa sindano pamoja na kupewa mashauri ya kujitunza walipungukiwa na joto kuliko waliopewa mashauri peke yake. Kwa kuwa hapakuwa na sindano za uongo, hatuwezi kusema nafuu ilitoka kwenye ncha ya sindano. Lakini ilikuwapo. Basi, akitaka kwenda, na aende akijua ukweli, tena ashike masharti haya:

Sindano ziwe mpya, katika karatasi iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yake, na zitupwe baada ya kutumika mara moja. Mwaka 1984 huko Rhode Island, Marekani, watu 35 waliambukizwa ugonjwa wa ini kwa mchomaji mmoja wa sindano. Nasi twajua pia hatari ya ukimwi. Mchomaji akikataa kuonyesha sindano zake, mama avae viatu vyake na kutoka.

Amwambie mchomaji kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Wala asiache dawa zake za shinikizo la damu au za kisukari kwa sababu ya ahadi ya mtu yeyote.

Apatane mapema juu ya fedha na hesabu ya siku. Kule North Carolina nafuu iliyo kubwa ilifikiwa kwa kawaida baada ya kuchomwa mara 8 hivi. Ikiwa mara 8 au 10 zimepita na joto li palepale, fedha hizo zitumike kwa karo ya watoto. Na amkimbie yule anayeahidi kwamba sindano zitarudisha hedhi, zitaimarisha mifupa au zitamfanya azae tena. Estrojeni ikipungua mifupa hupoteza nguvu kwa kila mwanamke. Yamfaa kutembea, kufanya kazi ya mikono kwa kiasi, na kula dagaa, maharagwe na mboga za majani.

Neno la mwisho ni kwenu, akina baba. Mke aliyewazalia na kuwatunza watoto wenu amefika mahali ambapo mwili wake wambadilisha bila kumwuliza. Akisogea mbali nanyi kitandani usiku, si chuki: joto lamchoma. Akiona maumivu katika tendo la ndoa, sababu yaweza kuwa ukavu unaoletwa na upungufu wa estrojeni, nao una dawa zake hospitalini. Mwulizeni kwa upole badala ya kumshutumu au kutafuta mwingine. Fungueni dirisha. Mwacheni alale mchana kidogo. Mwambieni binti mkubwa achote maji. Siku ya kwenda kwa daktari, mfuatane naye, mketi pamoja naye, na msikie kwa masikio yenu anayoambiwa.

Nanyi akina mama mliokwisha pita njia hiyo, waiteni dada zenu wadogo walio na miaka 40 na kitu, muwaeleze yatakayowajia kama vile shangazi zenu walivyowaeleza mlipovunja ungo. Wajue mapema joto ni nini, damu ipi ni ya kuogopwa, na sindano ipi isikubaliwe.